Ugonjwa wa mawazo unatibika, lakini dawa yake haina haraka

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani maji ya bukari yakingali motoni,

Katika ukurasa huu umekwisha kusoma mara nyingi juu ya kofia ya chuma, vumbi, viatu na chandarua. Leo tutasema juu ya ugonjwa usio na kidonda, usioonekani katika picha ya kifua, na ambao watu wanauficha kuliko kaswende.

Mtu akisikia maneno «ugonjwa wa akili», mara moja anamfikiri yule anayetembea uchi sokoni akiongea peke yake. Yule ni mgonjwa kweli, na tutamrudia chini. Lakini wagonjwa walio wengi zaidi si yeye. Mgonjwa aliye wa kawaida zaidi anavaa nguo zake za kazi asubuhi, anasaini kitabu, anashuka shimoni. Labda ni jirani yako. Labda ni bwana yako.

Tuchukue mfano wa fundi mmoja wa umeme, mwenye miaka 41 na watoto 6. Tangu miezi miwili anaamka saa tisa ya usiku na usingizi haurudi. Chakula hakina ladha. Zamani jumapili alikuwa hakosi redio, leo hata Mazembe wakicheza, haulizi matokeo. Nyumbani watoto wakicheka anawafokea. Kazini kapita anamwambia jambo mara mbili, mara tatu. Yeye mwenyewe anafikiri kwamba amekuwa mtu wa bure, mzigo kwa jamaa.

Je, mtu huyu akija dispanseri anasema nini? Hasemi «niko na huzuni». Anasema mgongo unauma. Anasema kichwa kinawaka, moyo unapiga mbio, kitu kinatembea ndani ya mwili. Tunampima malaria: hakuna. Tunampa dawa ya maumivu, anarudi baada ya wiki moja na maumivu yale yale. Wenzake wanaanza kusema anatafuta karatasi ya kupumzika. Mimi ninasema hivi: mtu anayerudi mara tatu na damu yake ni safi, hatafuti karatasi. Inafaa kumuuliza maswali mengine. Unalala namna gani? Kitu gani kinakupendeza sasa? Tangu lini?

Kama huzuni au kukosa hamu ya mambo yote inakaa karibu siku nzima, karibu kila siku, muda wa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi mbaya, uchovu na kujidharau, waganga wanaita jambo hilo depresio. Hapa kambini tuseme huzuni nzito. Si uvivu. Ubongo ni kiungo kama ini au figo, na ndani yake mwendo wa usingizi, wa hamu na wa nguvu unaweza kuvurugika. Mara nyingine sababu inaonekana: mtoto amekufa, deni limepita mshahara, kazi imekoma. Mara nyingine hakuna sababu inayoonekana, na hapo ndipo jamaa wanaanza kumtafuta mlozi.

Sitabishana nawe hapa juu ya ulozi, ukurasa hautatosha. Ninakuambia tu kile ninachokiona kazini: jamaa wanamaliza franka zote kwa mfumu na katika vyumba vya maombi, halafu mwezi wa nane wanaleta mgonjwa aliyekonda, amefungwa kamba, hajala siku tano juu wamemwambia afunge. Kuomba si vibaya. Pastere akuombee jioni na kidonge ukimeze usiku, kimoja hakizuii kingine. Anayekuambia uache dawa ili maombi yafanye kazi, huyo ndiye wa kuogopa.

Dawa inafanya kazi namna gani

Hapa ninaomba usome polepole, kwani hapa ndipo wagonjwa wengi wanapotea.

Kwa huzuni nzito kuna vidonge, kama vile amitriptilini, ambayo inamezwa usiku, na fluoksetini, inayomezwa asubuhi. Ni dawa za zamani, bei yake si kubwa. Lakini si kama dawa ya kichwa inayotuliza kwa nusu saa. Wiki ya kwanza utaona karibu ubaya wake tu: amitriptilini inakausha mdomo, inafunga choo, inaleta usingizi mzito, fluoksetini inaweza kuleta kichefuchefu na kutotulia. Mgonjwa anasema: «Dawa hii inaniua», na anaitupa. Kumbe kazi yake haijaanza. Ni kati ya wiki ya pili na ya nne ndipo usingizi unaanza kurudi. Mara nyingi bibi anaona mabadiliko mbele ya mgonjwa mwenyewe: ameuliza habari za watoto, ameomba sombe iongezwe. Furaha inarudi nyuma ya yote, labda wiki ya sita.

Halafu unakuja mtego wa pili. Mwezi wa tatu mtu amepona, anacheka na wenzake, anajiuliza: kwa nini niendelee na vidonge vya wagonjwa? Anaacha kwa siku moja. Baada ya muda mfupi yuko tena macho saa tisa ya usiku, na sasa anasema dawa haikufaa kitu.

Wewe mtu wa mgodi unaijua vizuri habari ya kifua kikuu. Kikohozi kinaisha mwezi wa pili, lakini vidonge ni miezi 6, na anayeacha mbele ugonjwa unamrudia. Huzuni nzito ni vivyo hivyo: baada ya kupona, inafaa kuendelea na dawa miezi 9 hadi 12, na kuiacha kidogo kidogo, mganga akihesabu pamoja nawe. Nilimwambia mgonjwa mmoja hesabu hii, akanijibu: «Basi umenifunga mwaka mzima.» Nikamwambia mguu uliovunjika vibaya nao unaweza kumfunga mtu mwaka mzima, na hakuna anayeuonea haya.

Si kila mtu anahitaji vidonge. Ugonjwa ukiwa mwepesi, mazungumzo na mtu aliyejifunza kazi hiyo yanaweza kutosha. Si mazungumzo ya kuhubiri. Mnapanga pamoja mambo madogo: leo utatembea hadi kisimani na kurudi, kesho utatengeneza ile baisikeli ya mtoto, jumapili utamtembelea yaya yako. Mgonjwa anayafanya hata kama hamu haipo, kwani katika ugonjwa huu hamu inakuja nyuma ya kazi, haitangulii.

Sasa jambo la usalama. Ukiendesha kamyo kubwa, ukitumika na baruti au juu ya ngazi, usimeze vidonge hivi bila kumwambia mganga kazi yako. Anaweza kubadili saa ya kumeza, au kuomba ufanye kazi nyingine kwa wiki za kwanza. Siri ya ugonjwa wako inabaki kwa mganga; karatasi inayokwenda kazini inasema tu kazi gani unaweza na kazi gani huwezi. Na vile vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni kimoja kimoja, kama Valium, viogope. Kwa siku chache, kwa amri ya mganga, vinasaidia. Ukivizoea, kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, na huwezi kulala tena bila hivyo. Pamoja na pombe vinaweza kukata pumzi.

Baada ya hatari shimoni

Mwezi wa 6 mwaka 2019, pale Kolwezi, udongo ulianguka juu ya wachimbaji na zaidi ya watu 40 walikufa. Wale waliovuta maiti kwa mikono walirudi nyumbani na miguu yao miwili. Lakini mtu aliyeona jambo la namna hiyo anaweza kuliona tena kila usiku: anaruka kitandani, akisikia kishindo cha mlango anatoka jasho, hataki kupita njia ile. Siku za kwanza hali hiyo si ugonjwa, na kwa walio wengi inatulia yenyewe. Mkae naye, apumzike, ale, asiachwe peke yake na chupa. Usimlazimishe kusimulia yote. Akitaka kusema, msikilize. Ikipita mwezi mmoja na bado, aje dispanseri. Na wewe kapita, usimcheke mtu anayetetemeka mbele ya lifti ya kushuka. Mtu anayetetemeka na kulazimishwa ni hatari kwa wenzake wote.

Juu ya lutuku nitasema jambo moja tu, kwa kuwa ubaya wake mwingine unaujua. Mtu anayekunywa kila siku, miaka mingi, asiache ghafula peke yake nyumbani. Tunaona hivi: mtu analazwa juu ya mguu, pombe hakuna. Siku ya pili mikono inatetemeka. Siku ya tatu anaona wadudu ukutani, anaita watu waliokufa, anataka kukimbia, labda anashikwa na kifafa. Jamaa wanapiga kelele kwamba adui amemfuata hata hospitalini. Ni mwili unaodai pombe yake. Bila matibabu anaweza kufa. Akipata dawa ya kumtuliza, maji na vitamini B1, kwa walio wengi yanapita kwa siku chache. Kwa hiyo ukimleta mgonjwa, tuambie ukweli: anakunywa kiasi gani, na mara ya mwisho lini.

Yule anayesikia sauti

Mtu aliyekuwa mzima jana, na leo anasema ovyo, hamjui bibi yake, mwili una moto: huyo usimpeleke popote ila hospitali, saa hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au ugonjwa wa uti wa ubongo, na kila saa ina bei yake.

Lakini yule ambaye kwa wiki na miezi anasikia sauti zisizosikika na wengine, anaamini majirani wanamtilia sumu, anajifungia chumbani, ana ugonjwa mwingine, unaoanza mara nyingi katika ujana. Jina lake mara nyingi ni skizofrenia. Dawa zake zipo tangu miaka ya 1950; haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 na inatumika hata leo. Mara nyingine inakaza shingo na ulimi, au inamfanya mtu atembee kama mti. Jamaa wakiona hivyo wanaogopa na kuacha dawa. Msiache, njooni mbio: kuna dawa nyingine ya kulegeza, na kiasi kitapunguzwa. Kwa anayesahau vidonge kuna sindano ya kila mwezi. Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Karita, Kinshasa kuna CNPP ya Mont-Amba. Kamba na minyororo hazijamponya mtu hata mmoja.

Mama, neno kwako. Machozi ya siku chache baada ya kuzaa yanapita. Yakikaa zaidi ya wiki mbili, ukiona mtoto kama mgeni, njoo naye kliniki na useme hivyo hivyo. Hakuna atakayekunyang'anya mtoto. Na kama mzazi anaanza kusema mambo ya ajabu, halali kabisa, anasema mtoto si wake, hapo jamaa wasingoje hata usiku mmoja.

Kuna swali watu wanaogopa kuuliza: «Je, unafikiri kujiua?» Wanadhani swali litamtia wazo. Si kweli. Aliye na wazo hilo analo tayari, na mara nyingi anashukuru kwamba mtu amemwuliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa nyumbani kamba na dawa ya kuulia wadudu. Vidonge vyake avitunze mtu mwingine na kumpa cha siku ile tu, kwani amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja inasimamisha moyo. Mlete siku ile ile, hata kama ni siku ya posho.

Ukimleta mgonjwa dispanseri, njoo na kitabu chake cha hospitali na vidonge vyote alivyomeza, hata vile vya sokoni vilivyofungwa katika karatasi. Kama amekunywa mizizi ya mfumu, leta na chupa. Hatutakutukana. Tunataka kujua kilicho ndani ya mwili mbele ya kuongeza kingine.