Una mwanafunzi dukani? Usimtumie video tu

Leo naongea na wewe mwenye ofisi ndogo na mwanafunzi mmoja au wawili wanaojifunza kazi kwako. Iwe saluni, gereji au kuchomelea, somo ni lile lile. Mimi ni ushonaji.

Nilimaliza form four, sikuendelea. Cherehani nilijifunza kwa kuangalia YouTube na kuharibu vitambaa. Kwa hiyo nilipopata wanafunzi nikaona kazi rahisi: nafungua grupu la WhatsApp, natuma video, wanaangalia usiku, asubuhi tunashona. Nikiuliza "mmeelewa?" wananijibu "ndiyo dada".

Siku moja nikamwachia mmoja akate gauni la mteja. Alikata vizuri, akafuata vipimo vilevile, ila hakuacha nafasi ya mshono. Gauni halikuingia. Kumbe fundi wa kwenye video alitumia patani yenye nafasi ya mshono tayari, na hakusema. Nikalipa kitenge, elfu thelathini, na yule mteja hajarudi mpaka leo.

Nilikasirika, lakini kosa lilikuwa langu. Wao waliona mikono ya fundi, mimi sikuona mikono yao. Sasa nafanya hivi:

1. Narekodi mwenyewe. Jambo moja tu, dakika mbili, kwenye cherehani wanayoitumia. Leo kupitisha uzi, kesho kuweka zipu. Haili bando, na wanairudia wanavyotaka.

2. Wao ndio wanatuma. Kila jioni picha ya kazi, upande wa NDANI. Nje pasi inaficha mengi. Kwa mfano, uzi ukijikusanya vitanzi chini ya kitambaa, wengi wanalaumu bobini. Mara nyingi shida ni uzi wa juu, haukupitishwa vizuri au umelegea. Picha moja inanitosha kujua.

3. Kosa la wengi naliongelea kwenye grupu kwa sauti. Kosa la mmoja namwambia pembeni. Ukimwaibisha mbele ya wenzake, kesho hatumi kitu.

4. Hakuna kukata kitambaa cha mteja kabla sijaona picha ya alama za chaki. Mazoezi ni kwenye magazeti na vipande vilivyobaki.

5. Nguo ya mteja haiendi status bila yeye kukubali.

Na simu haimalizi kazi, asikwambie mtu. Hata VETA walipoanzisha VSOMO na Airtel mwaka 2016, nadharia ilisomwa kwenye simu, lakini vitendo mwanafunzi alienda kufanya kwenye chuo cha VETA. Na wewe usiache kukaa naye kwenye mashine.

Yule mwanafunzi wa kitenge bado ninaye. Juzi saa tatu usiku alinitumia picha ya kitambaa alichokichora chaki: "Dada, ubavuni nimeacha nusu inchi, inatosha?" Nikamwambia aache inchi moja, mteja akinenepa tutaachia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza kabla ya kushika mkasi. Nililala na furaha.

Wewe je, mwanafunzi wako akikwama saa hizo anakuuliza, au anajikatia tu? Anza leo, mwombe picha moja ya upande wa ndani.