Kwa nini tumaini linatajwa mwisho?

SWALI: Mwalimu, katika 1 Wakorintho 13 Paulo anapotaja imani, tumaini na upendo, anamalizia na upendo na kusema ndio mkuu. Mbona katika 1 Wathesalonike anamalizia na tumaini? Je, alibadili msimamo?

JIBU: Hapana. Alikuwa akiwaandikia watu wenye majeraha tofauti. Korintho waligombania karama na vyeo, hivyo walihitaji kuambiwa habari za upendo. Thesalonike, mji mkuu wa Makedonia, shida ilikuwa nyingine.

Soma Matendo 17. Ghasia zilipozuka, umati ulivamia nyumba ya Yasoni, mwenyeji wa Paulo, ukamburuta yeye na ndugu kadhaa mbele ya wakuu wa mji, wakaachiliwa kwa dhamana. Usiku uleule Paulo na mwenzake Sila wakasafirishwa kwenda Beroya. Kanisa changa likabaki na mateso, bila mwalimu wake. Kisha baadhi ya waumini wakafariki, na waliobaki wakajiuliza: hawa wetu watakosa siku ya kurudi kwa Bwana? Swali hilo linaniuma kila nilisomapo, maana ni la mtu aliyetoka kuzika.

Timotheo, ambaye Paulo alimtuma kwao, alirudi na habari njema za imani yao na upendo wao. Tumaini hakulitaja, na mimi naona hilo si bahati. Barua, iliyoandikwa yapata mwaka 50, inaziba pengo hilo hasa katika sura ya 4: wafu katika Kristo watafufuliwa kwanza. Na katika 5:8, imani na upendo ni dirii ya kifuani, tumaini ni chepeo.