Kuni si za Bure

Somo letu la leo liko jikoni. Tusiseme kwamba jikoni ni mambo ya akina mama peke yao. Chakula tunakula sote, na kuni zikiisha tunalala njaa sote.

Mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Ah, kuni ni za bure, zinaokotwa tu porini." Haya, shika kalamu tuhesabu pamoja. Tuseme mama anakwenda kutafuta kuni mara 3 kwa wiki. Kila safari, kwenda na kurudi, inamchukua muda wa saa 4.

3 x 4 = saa 12 kwa wiki.

Sasa tuseme jiko zuri linampunguzia safari 1 tu. Kila wiki anapata saa 4. Mwaka una wiki 52.

52 x 4 = saa 208.

Tukihesabu saa 8 kuwa siku moja ya kazi, hizo ni siku 26. Ni karibu mwezi mzima wa kulima, kupumzika au kusoma. Kama anayetumwa kuni ni mtoto, basi hapo shule inapata hasara. Je, kitu kinachokula siku 26 ni cha bure?

Joto linakwenda wapi?

Moto wa mafiga matatu uko wazi pande zote. Upepo unausukuma kando, na joto jingi linapotea hewani. Linalofika kwenye sufuria ni kidogo. Kuni mbichi nazo zinatuibia. Moto unaanza kwa kukausha maji yaliyo ndani ya kuni, kabla haujachemsha maji ya ugali.

Tuuzungushie moto ukuta

Mafiga yetu hatuyatupi. Tunayajengea ukuta wa udongo, hivi:

1. Chukua udongo wa kichuguu, mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Kanda kwa maji mpaka ushikamane vizuri.

2. Weka juu ya mafiga sufuria unayoitumia kila siku. Kitako chake kiwe kama sentimita 15 kutoka chini.

3. Jenga ukuta kuzunguka mafiga na sufuria. Acha mlango mmoja wa kutilia kuni.

4. Kati ya sufuria na ukuta acha nafasi ya unene wa kidole. Nafasi ikizidi, joto linapita bila kugusa sufuria. Ikikosekana, moto unakosa hewa na moshi unarudi mlangoni.

5. Acha jiko likauke wiki 2 au zaidi. Nyufa zikitokea, zibe kwa udongo ule ule. Kisha anza na moto mdogo.

Hata wapishi wa mkaa wamepata faida kwa njia kama hii. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Kenya walianza kutia kigae cha udongo ndani ya jiko la bati, baada ya kujifunza kutoka majiko ya Thailand. Udongo unazuia joto lisitoroke.

Jiko peke yake halitoshi

Pasua kuni ziwe nyembamba, uzianike. Funika sufuria. Loweka maharage usiku kucha. Chakula kikiiva, toa kuni uzizime, zitafaa kesho. Na tusidanganyane: jiko hili halimalizi moshi wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Kwa hiyo toboa dirisha jikoni, na mtoto mchanga asikae karibu na moto.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumbani kwako mnatumia mizigo mingapi ya kuni kwa wiki? Iandike.

2. Jenga jiko, kisha hesabu tena baada ya mwezi. Mmepunguza mingapi?

3. Siku zitakazookolewa ni za nani, na nani ataamua zitumikeje? Waume kwa wake, lijibuni hili pamoja.