Mashine ya Kupumulia Nyumbani: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya wa Kinondoni na Temeke

Mwongozo huu ni wa wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaomfuatilia nyumbani mgonjwa anayesaidiwa kupumua kwa mashine na barakoa, bila mpira kooni. Wapo ambao mapafu yao yamechakaa kwa moshi wa jiko, sigara au makovu ya kifua kikuu. Wapo ambao misuli ya kifua imelegea. Wakilala, kaboni dayoksaidi hujaa kwenye damu. Mashine husukuma hewa ndani kila wavutapo pumzi, misuli ikapata kupumzika.

Kabla mashine haijafika Mbagala au Tandale, kagua LUKU. Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja kwa wapangaji wote, na uniti zikikata saa nane usiku hakuna wa kumgongea mlango. Mashine ya wati 40 ikifanya kazi saa 8 hula kama theluthi ya uniti. Ile ya kuzalisha oksijeni, ya wati 350, hula karibu uniti 3: kwa mwezi ni zaidi ya 80, wakati daraja la matumizi madogo lina kikomo cha uniti 75. Kaa na mwenye nyumba na wapangaji, mgawane gharama kwa haki. Mzigo wa mazungumzo hayo usimwachie mgonjwa.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikiwa nzima na yenye inveta nzuri, humvusha mgonjwa usiku mmoja kwa mashine hiyo ndogo, kipasha maji chake kikiwa kimezimwa. Jenereta isiwashwe barazani wala karibu na dirisha. Moshi wake huua. Umeme ukikatika na betri haipo, barakoa ivuliwe papo hapo, maana mgonjwa ataanza kuvuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe. Hakikisha anaweza kuivua bila msaada, au analala na mtu wa kumvua.

Barakoa ikivuja kuelekea machoni, legeza mikanda yote, iweke upya, kisha kaza kidogo kidogo. Wengi hukaza mno, na asubuhi mfupa wa pua una wekundu usiofutika. Hapo kidonda kiko njiani. Ioshe kila siku kwa maji na sabuni laini. Maji ya chumvi ya kisima yasitiwe kwenye mashine. Jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma vikae nje.

Oksijeni isiongezwe kwa huruma. Kwa mwenye mapafu yaliyochakaa, lengo la kawaida la oksijeni kwenye damu ni asilimia 88 hadi 92. Ikizidi, kaboni dayoksaidi inaweza kupanda huku kipimo cha kidoleni kikionekana kizuri. Akiamka na kichwa kinauma, anasinzia mchana au maneno yanampotea, apelekwe siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke au Mwananyamala, pamoja na mashine na barakoa yake.