Taa ya Injini Ikiwaka: Soma Namba Kwanza, Tuma Pesa Baadaye

Umetoka Bamba alfajiri, Probox imejaa, unaelekea Kilifi mjini. Ukikaribia Ganze, taa ya manjano yenye umbo la injini inawaka kwenye dashbodi. Gari inaanza kutetemeka, na kile kilima cha kila siku leo inakipanda kwa shida. Unampigia fundi wako. Anasikiliza kidogo, halafu anasema: "Hiyo ni sensa tu, ndugu yangu. Nitumie elfu tano nikuchukulie spea huku mjini."

Kabla hujaweka PIN, ngoja kidogo.

Si lazima fundi awe mwongo. Mara nyingi anakisia tu, kwa sababu gari iko mbali na yeye hajaiona. Shida ni kwamba makisio yake unayalipia wewe. Spea ya umeme ikishafungwa kwenye gari, maduka mengi hayakubali uirudishe. Na muamala ambao umeuthibitisha mwenyewe, kuurudisha si jambo la uhakika.

Leo tujifunze kutumia kifaa kidogo kinachoweza kukuokolea hizo pesa: skana ya gari.

Skana ni nini?

Gari za kisasa zina kompyuta inayosimamia injini. Ikiona jambo lisilo la kawaida, inawasha ile taa ya manjano na kuhifadhi namba ya hitilafu. Skana inasoma namba hiyo. Marekani ilifanya mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kuwa lazima kwa gari zote mpya kuanzia 1996, na Ulaya ikafuata kwa gari mpya za petroli mwaka 2001. Ndiyo maana skana moja inaweza kusoma gari za kampuni nyingi.

Tafuta soketi ya pini 16 chini ya dashbodi, upande wa dereva. Probox, Fielder, Vitz na Noah za miaka ya karibuni zinayo. Gari ya zamani kama Peugeot 504 haina, kwa hivyo usinunue skana kwa ajili yake. Pia kuna gari za Japani za miaka ya nyuma zenye soketi hiyo hiyo lakini haziongei na kila skana. Ukiweza, ijaribu kwenye gari yako mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Skana ya bei nafuu inatoshea kiganjani na inaunganishwa na simu kwa Bluetooth. Kama unatumia iPhone, uliza kwanza. Nyingi za bei ya chini zinafanya kazi na Android peke yake.

Jambo moja la usalama: programu ya kusoma gari ipakue kutoka duka rasmi la programu la simu yako, si kwa linki uliyotumiwa kwenye grupu. Programu hiyo haihitaji kusoma SMS zako, na haina sababu yoyote ya kukuuliza PIN ya pesa. Ikiuliza, ifute.

Jinsi ya kusoma

1. Simamisha gari mahali salama, zima injini, kisha chomeka skana kwenye soketi.
2. Washa swichi hadi taa za dashbodi ziwake, bila kupiga stata.
3. Unganisha simu na skana kwa Bluetooth, fungua programu, bonyeza sehemu ya kusoma hitilafu.
4. Piga picha ya skrini. Usifute namba bado. Ukifuta, unafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati shida ilipotokea, na fundi anaihitaji.

Namba inasema nini?

Namba inaanza na herufi. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni mambo kama breki za ABS, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Hizi tatu ni miongoni mwa zile utakazokutana nazo:

- P0301: silinda ya kwanza haichomi mafuta sawasawa, au kama mafundi wanavyosema, inamisi. P0302 ni silinda ya pili, na kuendelea.
- P0171: hewa ni nyingi kuliko mafuta. Huenda bomba la hewa limepasuka, sensa ya hewa imechafuka, au pampu ya mafuta imechoka. Kwa vumbi la barabara zetu za ndani, anza na kichujio cha hewa, mabomba yake na sensa ya hewa.
- P0420: kisafisha moshi hakifanyi kazi vizuri. Ni spea ghali, kwa hivyo kwanza hakikisha ekzosi haivuji.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Namba haikwambii spea ya kununua. Inakwambia malalamiko yametoka wapi. P0171 inaweza kutajwa na sensa iliyo nzima kabisa, inayosema ukweli kwamba bomba limepasuka. Ukibadilisha sensa hiyo, mpya nayo itasema vile vile.

Jaribio lisilo na gharama

Turudi kwa Probox yetu. Tuseme skana imeonyesha P0301. Injini ya petroli ya 1NZ, inayopatikana kwenye Probox nyingi, ina silinda nne na kila moja ina koili yake juu ya plagi. Silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda.

Zima gari, acha injini ipoe. Fungua koili ya silinda ya kwanza kwa spana ya 10 na uibadilishane na ya silinda ya pili. Sasa futa namba, washa gari, endesha kidogo karibu na nyumbani, kisha soma tena.

Kama namba imegeuka kuwa P0302, shida imehama pamoja na koili. Koili hiyo ndiyo mbovu. Kama imebaki P0301, koili ni nzima; angalia plagi, kisha nozeli ya mafuta, na mwisho fundi apime mgandamizo wa silinda.

Piga hesabu, kwa bei za mfano tu. Ukituma Sh5,000 ya sensa na Sh1,000 ya ufundi, halafu gari ibaki inamisi, bado utanunua koili ya Sh3,000 na kulipa ufundi tena. Jumla Sh10,000, na siku mbili bila abiria. Ukianza na jaribio, unalipa koili na ufundi mara moja: Sh4,000.

Sasa lipa, kwa mpangilio

- Mtumie fundi picha ya namba, umuulize: "Fundi, tutajuaje ni hii spea kabla ya kununua?" Fundi mzuri hatakasirika. Atakuwa na jibu.
- Spea lipia dukani moja kwa moja kwa till ya duka. Ufundi lipia kando, kazi ikiisha.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama si la duka mlilokubaliana, simamisha.
- Weka SMS ya malipo pamoja na picha ya namba. Ukiwa na malalamiko, huo ndio ushahidi wako.
- Omba spea ya zamani urudi nayo nyumbani.

Skana haioni kila kitu

Skana haitakwambia breki zimeisha, bushi zimelegea au tairi limechakaa. Na kuna wakati haufai kusubiri skana wala kuendelea na safari. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, injini inamisi vibaya na mafuta yasiyochomwa yanaweza kuunguza kisafisha moshi. Punguza mwendo na usimame. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, au kipimo cha joto kikipanda, zima injini papo hapo. Abiria waeleze ukweli. Watapanda gari nyingine. Injini iliyoungua gharama yake haikaribii nauli ya safari moja.

Kama bei ya skana ni kubwa kwako, changeni watu watatu wanne wa steji moja, mnunue moja ya pamoja. Siku taa itakapowaka, mtaanza na namba, mtafanya jaribio, na pesa itatoka ikijua inakoenda.