Sadaka ya Maskini katika Sheria ya Musa



Huenda mmoja wenu hujisemea moyoni: «Mimi sina kitu, nitasimamaje mbele ya Mungu pamoja na wenye mali?» Tutazame jinsi Mungu alivyowafundisha Wayahudi jambo hilo.

1. Sadaka hupimwa kwa uwezo wa mtu.

Mama aliyezaa mtoto mwanamume alipaswa, baada ya siku 40, kuleta mwanakondoo wa mwaka mmoja pamoja na njiwa au hua mmoja. Lakini si kila nyumba ilikuwa na kondoo. Kwa hiyo Kitabu cha Walawi kilimruhusu maskini kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Tena, katika sadaka ya dhambi, asiyeweza hata ndege alileta unga kidogo, bila mafuta wala ubani. Kuhani aliteketeza konzi moja ya unga huo juu ya altare, na mtu yule alisamehewa sawa na mwenye mnyama.

Mtakatifu Luka, akisimulia jinsi Yesu alivyotolewa hekaluni, ataja ndege wawili tu. Ndiyo sadaka ya maskini. Bikira Maria hakuona haya kuileta.

2. Maskini hubebwa na wenzake.

Sheria ilimkataza mwenye shamba kuvuna pembe zake zote au kuokota masuke yaliyoanguka: hayo ni ya maskini na ya mgeni. Ndivyo Ruthu alivyopata chakula katika shamba la Boazi.

Mwaka 70 Waroma waliteketeza Hekalu, na sadaka za wanyama zikakoma. Lakini huruma haikukoma. Mishna, kitabu cha sheria za Wayahudi kilichokusanywa karibu na mwaka 200, chaagiza kwamba usiku wa Pasaka hata maskini wa mwisho anywe vikombe vinne vya divai. Asipokuwa nayo, apewe kutoka katika mfuko wa maskini. Hata leo Wayahudi wengi huchanga fedha kabla ya Pasaka, ili asiwepo wa kukosa mkate usiotiwa chachu.

3. Fundisho kwetu.

Sakramenti hainunuliwi. Basi mtu asikimbie Ubatizo kwa kukosa nguo nyeupe. Jirani mwenye nguo mbili amwazime moja. Naye mwenye kondoo asijifiche nyuma ya njiwa wa maskini.

Maswali

Maskini wa Kiyahudi alileta sadaka gani?
Maria na Yosefu walitoa nini?
Ni nani kijijini mwako anayeona haya kuja kanisani kwa sababu ya umaskini? Utamsaidiaje?