Kufundisha Mfumo Endeshi Pasipo Kompyuta

Katika mazoezi ya kufundisha hapa Mngeta tumeona kosa moja likirudiwa. Mwalimu mwanafunzi huandika ubaoni maana ya "mfumo endeshi", watoto huikariri kwa sauti, na kipindi huisha bila yeyote kuelewa. Nasi wakufunzi tuliwahi kufundisha hivyo. Ukosefu wa kompyuta si udhuru, kwani historia ya mfumo wenyewe yaweza kutendwa darasani.

Mwalimu na ajue kwanza historia hiyo. Mwaka 1969 maabara za Bell, Marekani, zilijitoa katika mradi mkubwa wa Multics. Ken Thompson akapata kompyuta ya PDP-7 isiyokuwa na kazi nyingi, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa maneno 8,192 tu ya biti 18. Yeye, Dennis Ritchie na wenzao wakaitungia mfumo wa kugawa kazi za mashine na kutunza mafaili. Mfumo huo ndio Unix. Uhaba wa nafasi uliwafunza kuandika programu fupi. Mwaka 1973, kwa shauri la Doug McIlroy, programu moja ikawezeshwa kuipokeza nyingine matokeo yake.

Mtoto wa Mngeta hulifahamu jambo hili shambani: mmoja hupura mpunga, wa pili hupepeta, wa tatu hubeba kwenda kukoboa. Basi tufuate hatua hizi:

1. Andika jina la kila mwanafunzi na kitongoji chake katika kipande cha karatasi.

2. Mtoto wa kwanza achague vipande vya kitongoji kimoja, wa pili avipange kialfabeti, wa tatu avihesabu.

3. Kiranja awe mfumo endeshi: atunze sanduku la karatasi, atoe vipande na kupanga zamu. Asifanye kazi ya wenzake.

4. Mwondoe kiranja, kisha watoto wa makundi mawili walitumie sanduku moja kwa wakati mmoja. Vurugu ikizuka, uliza: kazi yake ilikuwa nini?

Jibu watakalolitoa ndilo liandikwe ubaoni, kwa maneno yao. Wala Kiswahili hakipungukiwi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa lugha yetu. Maana ije mwisho wa somo, isiwe mwanzo wake.